Mahali Nilipomketisha Mama Joyce

Kilema, Jumapili alasiri

Resti mwanangu,

Mama yako ameshakuambia habari za sweta, na za kumpigia simu dada yake ukifika Sanya Juu, na za kutokula vya njiani. Mimi hapo sina la kuongeza. Kuhusu gari pia sina la kukufundisha. Kona zote za huku umezipita nami nikiwa nimekaa pembeni kimya, na unajua kwamba mimi sikai kimya dereva akiwa hajui. Kwa hiyo usitafute maelekezo humu ndani.

Naandika kwa sababu mdomo umenishinda. Wiki hii nimekufuata jikoni mara mbili nikiwa nimeyapanga maneno, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama mahindi yamekauka. Sasa wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi zako, nyumba imetulia, mvua inanyesha. Nimechoka, mwili na kichwa, lakini nikisema nisubiri nipate nguvu, kesho itafika na wewe utakuwa umeondoka.

Ni habari ya Mama Joyce na mguu wake. Unaijua jinsi nilivyokusimulia mimi. Naomba uisome upya, kwa sababu nilivyokusimulia sivyo ilivyokuwa.

Utaikumbuka ile pikapu ya bluu. Siku za soko niliwashusha akina mama wa huku na ndizi zao hadi Kiboriloni, na mchana nikawapandisha na chumvi yao, sabuni, dagaa, na vifurushi vya mitumba. Magari mengine yalikuwepo. Ya abiria hayakutaka mikungu, walisema utomvu unaharibu viti. Ya mizigo hayakutaka watu. Sasa mwanamke mwenye mikungu minne ya ndizi za mshare si abiria na si mzigo, ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na gari lililomkubali jinsi alivyo lilikuwa langu. Nilijivunia jambo hilo. Tulipokaa kwenye pombe ya mbege nililisema hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Lakini aliyepanga mizigo nyuma ya ile pikapu hakuwa mimi. Alikuwa Mama Joyce. Wewe umemjua akiwa mtu wa kukaa langoni kwake na beseni la ndizi mbivu, basi huwezi kumwona nilivyomwona mimi. Alikuwa anafunga khanga kiunoni, anapanda bodini, na wenzake wanampokeza mikungu mmoja mmoja. Mizito aliitanguliza mbele, iegemee kichwa cha gari, kati yake akashindilia majani makavu ya mgomba ili isisuguane. Pembeni kulikuwa na mabenchi mawili ya mbao ya wao kukaa. Na alikuwa na kanuni moja ambayo hakuilegezea mtu: mzigo usizidi goti la aliyekaa.

"Ukipita goti," alikuwa anawaambia, "haubebwi na gari tena. Unaubeba wewe."

Nilimwachia kazi hiyo kwa sababu aliijua kuliko mimi. Na nisikufiche, nilimwachia pia kwa sababu ilinipa nafasi ya kunywa chai.

Siku yenyewe ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshaanza. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Kulikuwa na mtu wa kwetu anayeishi Dar, anamalizia nyumba ili Desemba akija na familia yake alale kwake. Alikuwa ameninunua kwa maneno matamu kwenye simu, kwamba dereva wa kuaminika Kilema nzima ni mimi, na kwamba mbao zake ziko Kiboriloni zinanisubiri. Tulikubaliana nizipandishe siku hiyo. Mpango wangu ulikuwa kuwarudisha akina mama kwanza, kisha nishuke tena kwa ajili ya mbao.

Kufika saa saba mchana mawingu yalikuwa yameshuka, mlima hauonekani hata miguu yake. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa chini ya gari natengeneza klachi, nilikuwa sijalala vizuri, mgongo unauma. Nikawaza ile njia yetu ikilowa. Nikawaza kupanda mara mbili kwenye utelezi. Nikaenda kuchukua mbao kabla ya kuwachukua wao, nikarudi nazo pale walipokuwa wanasubiri.

Walikuwa watatu. Mama Joyce, na wengine wawili ambao unawajua vizuri, lakini sitawaandika majina kwa sababu kosa si lao.

Mama Joyce aliziangalia zile mbao zilivyojaa tangu kichwani hadi karibu na mlango wa nyuma. Akaniambia, "Baba Resti, hizi zina safari yake."

"Mvua ikinyesha sipandi mara ya pili," nikasema.

"Basi zipeleke. Sisi tutakusubiri."

"Mtasubiri mpaka saa ngapi?"

"Mpaka urudi. Tumekaa hapa tangu asubuhi, tukikaa tena hatutakufa."

Alisema taratibu tu, kama mtu anayempa mwenzake njia ya kutokea. Na mimi nikamjibu hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Nimechoka, Mama Joyce. Gari ni langu. Anayetaka kupanda apande, asiyetaka abaki na chumvi yake."

Aliwaangalia wenzake, akaangalia juu. Joyce alikuwa nyumbani na mdogo wake, hakuna mtu mzima. Na gari lingine la kuwachukua wao pamoja na vitu vyao halikuwepo. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema, mwanangu. Usidhani sikujua.

Nikakunja mabenchi. Wale wawili nikawaweka pembeni, mmoja huku na mwingine kule, wameshika kingo. Mbao nilikuwa nimezifunga kwa kamba moja ya katani, nikaona mwisho wake unachezacheza. Nikamwambia Mama Joyce akae nyuma kabisa, mgongo kwenye mlango wa bodi, miguu aielekeze kwenye mbao. "Zikanyage hapo zisicheze," nikamwambia. Nilimketisha mwenyewe. Nilimshika mkono kumsaidia kukaa. Ningeweza kutafuta jiwe, ningeweza kutafuta kigogo. Nikamfanya mtu kabari.

Mvua ilitukuta kabla ya daraja. Baada ya daraja unapajua palivyo, panasimama kama ngazi. Tairi zikaanza kuzunguka mahali pamoja, gari likazimika, likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki. Gari likasimama. Mbao hazikusimama.

Nilimsikia mara moja tu. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu aliyeitwa kwa mbali akaitika.

Watu walitoka migombani upesi sana, hata sijui walitoka wapi kwenye mvua ile. Wakapanda, wakaanza kuzitupa zile mbao chini ili wamtoe. Na mimi, nimesimama pale nimelowa, yeye amebanwa, nikasema, "Jamani, zisiangukie mtaroni."

Nimesema maneno mengi mabaya maishani. Hayo ndiyo ninayoyasikia nikiwa nanyoa ndevu.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ile ile. Mguu wa kulia walijaribu kuuokoa, haukuokoka, wakaukata chini ya goti. Kabla hawajaukata alikuja askari kuandika maelezo. Kijana mpole, ana daftari limelowa pembeni. Aliniuliza mambo ya leseni na breki, kisha akaniuliza swali dogo: "Na huyu mama alikuwa amekaaje?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria swali hilo. Jibu lake lilikuwa fupi. Alikaa nilipomketisha. Maneno mawili tu, na baada ya hapo yangekuja yaliyokuwa yaje, faini, mahakama, hata kufungwa. Nikaona sura yako na ya mama yako, nikaona pikapu imefungiwa kituoni inaota kutu. Nikasema, "Alikaa vibaya. Nilimwambia akae pembeni, hakusikia."

Askari akawageukia wale wawili. Mmoja alitazama chini. Mwingine alinitazama mimi kwanza, halafu akasema, "Mimi nilikuwa naangalia mbele."

Walinyamaza kwa sababu siku mbili mbele kulikuwa na soko na ndizi zao zilikuwa zimeshakatwa. Wangezipeleka na nani? Nililiona hilo machoni mwao na likanitosha. Nakuambia hili kwa sababu kesho kutwa na wewe utakuwa na funguo za gari ambalo watu hawana mbadala wake, na hakuna atakayekuambia kwamba mkononi mwako kuna kitu zaidi ya funguo.

Mama Joyce alipotoka hospitali habari ilikuwa imeshatembea. Alikaa vibaya. Alikuwa mbishi. Wifi yake mwenyewe alimwambia siku nyingine awe anasikiliza, kana kwamba mguu mwingine ulikuwa unangoja zamu. Alijaribu kusema ilivyokuwa, mara moja, mara mbili, kisha akaacha. Nilichangia matibabu, na watu wakanisifu kwa kuchangia.

Mwezi uliofuata niling'oa mabenchi. Nikatangaza kuanzia leo nabeba mizigo tu, watu sibebi. Wakasema Pantaleo amejifunza, Pantaleo ana busara. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi tena kuinua macho kwenye kile kioo cha kutazamia nyuma nikaona uso wa mtu. Mkungu hauna uso.

Nilibeba ndizi bila wenyewe kwa miaka mingi. Walikuwa wananikabidhi mikungu pale kituo cha magari, mimi natangulia, wao wanatafuta bodaboda au wanashuka kwa miguu hadi lami. Na mzigo ukifika sokoni kabla ya mwenye nao hauna wa kuutetea. Wachuuzi wanaugeuzageuza, wanachagua uliojaza vizuri, wanauacha uliopondeka, na mwenyewe akifika anakuta bei imeshaamuliwa na watu wasiomjua. Nilikuwa nawaona wakifika, wengine na mtoto mgongoni, jasho linawatoka, wanatafuta mikungu yao kwa macho. Hawakunilaumu. Walisema ajali ndiyo iliyoharibu. Haikuwa ajali. Ajali iliharibu mguu mmoja. Hayo mengine niliyaharibu mimi, kwa kuona aibu, nikaiita aibu hiyo tahadhari.

Sasa nafika mahali panapokuhusu wewe. Nimetoka nje nikasimama barazani kidogo, nimerudi.

Wewe na Joyce mlikuwa dawati moja. Ulikuwa unambebea kipande cha kiburu cha ndizi na maharage, yeye anakuletea miwa. Hata baada ya ajali mliendelea, watoto hawana habari. Kisha mkafika darasa la tano, na siku moja mbele ya wenzenu Joyce akakuambia, "Baba yako ni mwongo. Mama yangu alikaa pale alipoambiwa akae." Ukamrukia. Ukamchania kola ya shati.

Niliitwa shuleni. Mwalimu hakujua lolote zaidi ya lile lililojulikana na kila mtu, basi simlaumu. Alimwambia Joyce kwamba mtu mzima hasemwi hivyo, aniombe radhi. Yule mtoto akaja akasimama mbele yangu, kola inaning'inia, hakulia. Akasema, "Shikamoo. Naomba unisamehe, baba."

Nikasema, "Marahaba. Yameisha."

Nilipokea ombi la msamaha la mtoto wa miaka kumi na moja, kwa kosa la kusema kweli, na mama yake nilikuwa nimemkalisha mimi.

Njiani ulinishika mkono. Ulikuwa umeshaanza kuona haya kunishika mkono mbele za watu, lakini siku hiyo ulinishika. Ukauliza, "Baba, nimefanya vizuri?" Nikakuambia mtoto mwema humtetea baba yake, nikakununulia maandazi mawili. Ulikula moja, jingine ukampelekea mama yako.

Toka siku ile hamkukaa tena dawati moja. Mkipishana kanisani mnasalimiana kama watu wa vijiji viwili. Wewe umeamini miaka yote hii kwamba ulimpoteza rafiki kwa sababu alimtukana baba yako. Ulimpoteza kwa sababu baba yako alikuacha upigane upande usio wako. Kwa Mama Joyce nilichukua mguu na jina. Kwako nilichukua hilo, na wewe hukujua hata kama umechukuliwa kitu.

Ningekufa nalo. Nilikuwa nimeshaamua hivyo, kama mtu anavyoamua kuishi na jino bovu. Kisha mwaka huu ukapata kazi hii. Ukaja na habari za wale akina mama wa Sanya Juu walioungana wakanunua gari dogo, liwatoe mashambani wao na karoti zao na maharage yao, liwafikishe sokoni pamoja, na wanataka dereva mwanamke. Mama yako alifurahi mpaka akaimba. Mimi nilisema vizuri, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Halafu ukanichukua mjini Moshi nikalione kwa fundi. Ukanionyesha viti vilivyofungwa nyuma ya kichwa cha gari, kisha ule wavu wa chuma toka chini hadi juu, kisha sehemu ya mizigo peke yake. "Mzigo hauwezi kuja mbele wala mtu hawezi kuwekwa nyuma," ukasema. "Niliwaomba wenyewe waweke hivi. Unaonaje, baba?"

Nilipitisha kidole kwenye ule wavu. Nikasema umechomelewa vizuri. Nikatoka nje. Ulidhani gari halijanipendeza, niliona. Mwanangu, nilitoka kwa sababu sikuweza kuutazama ule wavu mbele yako. Umechora kwa chuma kitu ambacho Mama Joyce alinifanyia kwa majani ya mgomba, bure, kila siku ya soko, na mimi nikamwambia gari ni langu.

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi, nilikata jani la isale pale kwenye mpaka wa shamba letu la kihamba, nikaenda nalo kwake. Unajua desturi yetu, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nilikuwa naitegemea hiyo. Hata katika kutubu nilitafuta njia ya mkato.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, ule mguu wa bandia ameuvua ameuegemeza ukutani. Aliliona jani kabla hajaniona mimi.

"Karibu, Baba Resti. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuletea wewe."

Aliendelea kuchambua. Nikamwambia yote, niliyosema kwa askari, niliyosema kwa watu, na ya Joyce shuleni. Alikuwa anayajua yote, lakini hakunikatisha. Nilipomaliza akachukua lile jani, akaliweka juu ya maharage.

"Nimelipokea," akasema. "Lakini isale ni ya kumwomba mtu asilipize. Mimi sikuwahi kutaka kulipiza. Nilitaka watu waache kuniambia nilikaa vibaya."

"Nifanye nini?"

"Si ulisema mbele za watu? Uliposemea ndipo ukasemee."

Nikamuuliza habari ya Joyce, kama naye angenisamehe. Akatikisa kichwa. "Yule ana mdomo wake. Mimi simsamehei mtu kwa niaba yake."

Nilikaa na hilo kwa siku nyingi. Soko likaja, likapita. Likaja jingine, likapita. Alhamisi iliyopita, ulipokuwa Moshi unakabidhiwa gari, nilikwenda pale kituoni asubuhi wakati wanapakia. Palikuwa na akina mama kama kumi na tano, na madereva watatu wa bodaboda. Mama Joyce alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe, sijui alijuaje kwamba ni siku hiyo. Labda alikuwa akija kila siku ya soko tangu tulipoongea, kunisubiri. Sikumuuliza.

Nikasema. Sauti haikutoka vizuri. Nikasema mimi ndiye niliyemwambia akae pale, akanyage mbao, na yeye alikuwa ameniomba asubiri, na nilimdanganya askari, na nimeendelea kudanganya mpaka leo. Nilipomaliza, mtu mmoja alikuwa bado anafunga kamba.

Mama Joyce akasema kutoka pale alipokaa, "Rudia. Wale wa kule nyuma hawajasikia."

Nikarudia.

Mmoja wa wale wawili wa siku ile alikuwepo. Aliinama akanyanyua mkungu wake. "Sisi tulikuwa tunajua," akasema, bila kunitazama. "Wewe ndiye ulikuwa umesahau kwamba tunajua." Kisha kazi ikaendelea, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na soko halimsubiri mtu. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyelia. Mama Joyce aliinuka kwa fimbo yake akaondoka polepole. Alipopita karibu nami alisema, "Haya," basi. Nilikuwa nimetegemea nitajisikia mwepesi. Nilijisikia nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyetua mzigo akakuta mgongo umeshapinda.

Bado Joyce. Anashona Himo, nimeshaelekezwa kibanda chake kilipo. Nitakwenda mwenyewe wiki hii. Sikutumi wewe, na usiende kwa ajili yangu. Ukiona kuna jambo kati yako na yeye, hilo ni lenu, na mimi nimeshaliingilia vya kutosha.

Nilisema sina maelekezo, na nalishika neno langu. Nataka tu ujue jinsi ilivyotokea kwa mtu ambaye hakuwa mkatili. Sikumchukia yule mama. Nilimheshimu. Nilikuwa nimechoka, mvua inakuja, na kwa muda wa dakika kama kumi nilimwona kama kitu cha kuzuia mbao. Mambo yote yaliyofuata yaliingilia hapo. Na wewe utachoka, Resti. Ile barabara ya Sanya Juu ina vumbi, na watu na mizigo yao wana maneno mengi kuliko mizigo peke yake. Kuna siku mtu atakuomba asubiri, na wewe utakuwa unataka kufika nyumbani. Sijui utafanya nini. Naomba tu siku hiyo usiwe peke yako na maneno yale niliyokufundisha mimi, kwamba gari lina mwenyewe.

Mama yako nilimwambia jana. Aliniuliza swali moja, kama nilimwacha Joyce aombe radhi huku nikijua. Nikasema ndiyo. Ameniwekea chakula leo kama kawaida, lakini hajanitazama. Mnarudi pamoja sasa hivi, nasikia sauti zenu kwa mbali huko chini njiani, basi niharakishe.

Nitaiweka barua hii kwenye kiti cha dereva. Ukiisoma kabla ya kuondoka, na ukaona huna la kuniambia, usilitafute. Usije kuniaga kwa sababu mama yako amekusukuma au kwa sababu majirani wanatazama. Nitakuwa kihambani nakata majani. Washa gari lako, shuka nalo. Nitalisikia mpaka litakapofika lami, na mimi sitadai zaidi ya hapo.

Baba yako,
Pantaleo